Kazi ilinipa mshahara, ikaninyima usingizi

Kwa miaka saba nilikuwa afisa mikopo katika taasisi moja ya fedha jijini Dar es Salaam. Ukisikia cheo hicho unaweza kumfikiria mtu wa kiyoyozi na kiti cha kuzunguka. Mimi nilikuwa mtu wa bodaboda, nazunguka Mbagala na Chamazi kufuata marejesho ya wiki kwenye vikundi vya kina mama.

Utaratibu wenyewe wengi mnaujua. Kina mama watano wanadhaminiana, mmoja akishindwa wanne wanamlipia. Wakishindwa wote, afisa anakwenda na orodha ya vitu walivyoandikisha: televisheni, friji, kochi, wakati mwingine cherehani ile ile inayoingiza hela ya kulipia deni. Mikopo chechefu ikizidi kwenye eneo lako, bonasi inakatwa na Jumatatu asubuhi unasomwa jina mbele ya wenzako. Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu. Jina hilo tulilijua, tuliitwa hivyo tukiwa bado tunashuka kwenye pikipiki.

Ikafika mahali kila Jumapili jioni tumbo linaniuma. Mume wangu alidhani ni vidonda vya tumbo, tukapima, hakuna kitu. Nilipomgusia mama yangu kwamba nafikiria kuacha, aliniuliza, "Mwanangu, nani alikuambia kazi ina raha?" Nilimwelewa. Dawa zake za presha zilitoka kwenye mshahara huo, na ada ya chuo ya mdogo wangu pia. Wanaotushauri tufuate moyo, naona wanamshauri mtu anayejilisha peke yake. Huku kwetu barua ya kuacha kazi anaisaini mmoja, lakini inagusa sahani za watu wengi.

Aliyenifungua macho ni mume wangu. "Mama Neema," aliniambia usiku mmoja, "unasema unaichukia kazi. Mbona Alhamisi huwa unarudi unacheka?"

Alhamisi ilikuwa siku ya vikundi vipya. Kabla ya kutoa fedha tulitakiwa kuwafundisha kwa nusu saa: kuandika mauzo, kutenga mtaji na faida. Wenzangu wengi waliiruka nusu saa hiyo, mimi niliifanya saa mbili. Nakumbuka mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga aliyekuwa na uhakika anapata faida ya Sh9,000 kwa siku. Anauza Sh30,000, mihogo na mafuta Sh21,000, hesabu imeisha. Nikamuuliza mkaa. Sh4,000. Nauli ya kwenda sokoni alfajiri? Sh2,000. Mifuko? Sh500. Ikabaki Sh2,500, na hapo hatujagusa mihogo inayoliwa na watoto wakitoka shule. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe mimi nimeajiriwa na muuza mkaa." Kikundi kizima kilicheka, yeye akiwemo. Wiki iliyofuata alikuwa amebadilisha jiko na kupunguza vipande kwenye sahani. Mimi nililala vizuri siku ile.

Basi nikaanza kuulizia ni nani anayelipia kazi hiyo ya Alhamisi peke yake, bila ya kudai. Wapo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka fedha hizo kinahitaji katiba, usajili na vitabu vinavyoeleweka. Vikundi vingi vinakwama hapo hapo. Vicoba navyo, tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinatakiwa kusajiliwa. Na vyuo vya ufundi vinatafuta walimu wa ujasiriamali waliowahi kushika biashara za watu, siyo za kwenye vitabu tu.

Sikuacha siku hiyo wala mwezi huo. Ilinichukua miezi 14. Jumamosi nilifundisha vikundi viwili kwa malipo ya nauli na kidogo juu yake. Mkopo wa mshahara niliumaliza kwanza, kwa sababu benki haina habari na maumivu ya tumbo lako. Tulimhamisha mtoto mkubwa kutoka shule ya kulipia kwenda ya serikali, na hilo lilizua ugomvi ndani ya nyumba kuliko jambo lolote. Nilikaa na mdogo wangu tukahesabu mihula iliyobaki, nikamwonyesha fedha iliyotengwa.

Anayefikiria njia hii ajue mambo machache. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Fao la kukosa ajira la NSSF ni la aliyeachishwa, halimhusu aliyeacha mwenyewe. Deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, lile la asilimia 15 ya mshahara, halifi na ajira; unakwenda kupanga upya namna ya kulipa. Bima ya afya ndiyo inayosahaulika, na watoto huugua wiki ile ile kadi inapokoma.

Leo nafundisha chuo kimoja siku tatu kwa wiki, siku zilizobaki niko na vikundi. Kipato kimeshuka kwa karibu theluthi moja na mwezi Januari huwa mgumu kweli. Nyama tunakula Jumapili. Mdogo wangu amebakiza muhula mmoja. Tumbo halijauma tena Jumapili jioni.

Mama anapata dawa zake kama kawaida, lakini majirani bado anawaambia niko likizo.