Kinanda cha Sinema Kilichofika Ijumbi

Likizo iliyopita nilitoka Bukoba na kijana wangu wa pili, tukaenda kumsalimu mama yangu Ijumbi, wilayani Muleba. Ukishaiacha barabara kuu, migomba na mibuni hukusindikiza hadi uani. Kijana huyu hupiga kinanda kwaya ya kanisa letu, na safari hii alibeba kompyuta yake.

Baada ya kula ndizi na maharage, aliunganisha kinanda kidogo na spika. Mara tukasikia filimbi, kengele, ngoma, hata ndege. Mama aliweka chini ukili aliokuwa akisuka.

"Hicho ni kinanda cha sinema, Bibi," alisema kijana.

Zamani picha za sinema zilikuwa bubu. Jumba la Royal la Zanzibar, lililofunguliwa mwaka 1921, lilianza katika enzi hiyo. Katika majumba makubwa ya Marekani na Uingereza, mtu mmoja aliketi mbele ya pazia na kupiga kinanda chenye mabomba ya upepo, akitoa muziki, ngurumo na mlio wa treni. Mwingereza Robert Hope-Jones alikuwa miongoni mwa waliovibuni, na kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilitengeneza zaidi ya 2,000. Picha zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, vinanda vingi viliuzwa, viking'olewa au vikaachiwa panya.

Siku hizi jumba la kale lililopoteza kinanda chake laweza kurudishiwa sauti. Mafundi huenda kwenye kinanda kizima mahali pengine, wakarekodi bomba moja moja: linavyoanza kulia, linavyoendelea, linavyonyamaza. Sauti hizo hutiwa katika programu ya kompyuta; mojawapo ni Hauptwerk, iliyotoka Uingereza mwaka 2002. Kisha ndani ya jumba huwekwa meza ya kupigia, na spika zaweza kufichwa katika vyumba vilevile vilivyokuwa vya mabomba. Mpigaji bado hutumia mikono na miguu yake. Kilichobadilika ni kinacholia.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza, "Lakini lazima kiwepo kimoja kizima cha kurekodi?"

"Ndiyo, Bibi. Kilichokwisha kufa hakirekodiwi."

Mama akanyamaza. Nilijua anawaza nini. Baba yake alikuwa mpiga enanga, ule ubao uliochongwa kama chano na kupitishiwa uzi huku na huku. Jioni watu walijaa uani kumsikiliza akiimba habari za mashujaa wa Wahaya. Alipougua mwaka 1987, mimi ndiye niliyemuuguza. Kila asubuhi niliandika joto la mwili na mapigo ya moyo. Chumbani mlikuwa na redio kaseti yenye uwezo wa kurekodi. Miezi miwili tulikaa nayo, na siku nyingine alikuwa na nguvu ya kuimba. Sikubonyeza kile kitufe hata mara moja. Enanga yenyewe ililiwa na dumuzi.

Asubuhi mama alimwita mjukuu wake. "Njoo na simu yako. Mimi si mpigaji, lakini maneno ninayo."

Aliimba akimenya ndizi. Alipofika mahali fulani alisimama, akasema, "Hapa Tata alikuwa akivuta uzi mara mbili." Kijana akamwomba arudie. Alirudia mara tatu, sauti ikikwaruza, nami nikajifanya nachochea moto.

Mama mwenzangu, sisi huweka vyeti vya watoto na kadi za kliniki kwa uangalifu mkubwa. Ukienda kwenu kusalimu, muulize mzee wako wimbo aliobembelezewa utotoni, na umrekodi akiuimba. Usingoje augue. Sisi tumepata nyimbo nne za babu, bila enanga.