Alipotuona Akageukia Ukutani



Majuma matatu yaliyopita tuliitwa wodini kumpaka mafuta mama mmoja, mkulima wa chai wa huku kwetu Rungwe. Alikwisha kuondolewa titi kwa sababu ya saratani, akapata na tiba ya mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Alipotuona mlangoni tumevaa stola, akageukia ukutani. "Kumbe ndiyo basi, Padre," alisema.

Kosa ni letu. Papa Paulo VI alikwisha kurekebisha adhimisho la sakramenti hii mwaka 1972. Ni Mpako wa Wagonjwa, si wa wanaokata roho pekee. Lakini sisi mapadre tumezoea kufika usiku wa manane, mgonjwa hajitambui tena, na watu wamejifunza kutokana na nyayo zetu kuliko mahubiri yetu.

Mwuguzi akatuvutia kiti. Tezi za kwapani zikiondolewa au zikipigwa mionzi, alitueleza, majimaji ya mwili hukosa njia na mkono huvimba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akimfunga mama bandeji na kumfundisha kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo kila siku. Ila mama alikuwa ameacha mazoezi. Daktari alidhani ni maumivu. Sisi, kama ilivyo kawaida yetu, tulidhani ni imani haba. Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyekaa naye mpaka akasema: chai yake inakomaa bila mchumaji, na majani yaliyokomaa kiwandani hukataliwa. Mkono wa nini tena?

Tulimkumbuka Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya Mtakatifu Christopher huko London mwaka 1967. Alikuwa mwuguzi, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha daktari; fani tatu katika mtu mmoja, na bado alitaka kufanya kazi na wenzake, padre akiwa mmoja wao.

Siku hiyo hatukumpaka. Tuliongea habari za chai. Mpako ulifanyika Jumapili iliyofuata, kwa ombi lake mwenyewe, wahudumu wote wakiwa kando ya kitanda.

Juzi vidole vyake vilifika usawa wa dirisha. Jumuiya yake inachuma chai kwa zamu. Kwa Jumamosi hii wanapungua watu wawili.