Kwenda Adama kwa Gari Lisilokunywa Petroli

Kwa miaka ishirini na mitatu niliendesha malori ya jeshi, na muda huo wote nilizoea kulijua gari kwa masikio. Injini ikikohoa, nilijua. Ikichoka mlimani, nilijua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinicheke nikikuambia kwamba asubuhi moja ya Desemba 2025, mjini Addis Ababa, niliketi kando ya mpwa wangu, naye akabonyeza kitufe, nami nikawa nangoja injini iwake. Gari likaondoka.

"Mbona sikusikia likiwaka?" nikamwuliza.

"Haliwaki, Mjomba. Linakwenda tu."

Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba magari ya watu binafsi yatakayoingizwa nchini yatakuwa ya umeme, si ya petroli wala dizeli. Mtu aliyewahi kulinda msafara wa mafuta haoni ajabu. Ethiopia haina pwani. Mafuta yake hununuliwa kwa fedha za kigeni, hupokelewa bandarini Djibouti, kisha hupandishwa milimani kwa malori ambayo nayo hula mafuta njiani. Umeme, kwa upande mwingine, wanao wa mito yao wenyewe. Mnamo Septemba 2025 walizindua bwawa lao kubwa katika Nile ya Bluu, lenye uwezo wa megawati 5,150.

Lakini bwawa ni jambo moja, na waya wa kufika jikoni kwa mpwa wangu ni jambo jingine. Gari lake, dogo na la Kichina, hulichaji nyumbani usiku kwa waya uliochomekwa ukutani, karibu na jiko la mkewe. Usiku wa kuamkia safari yetu umeme ulikatika mtaani saa saba, usirudi. Tuliamka tukakuta betri imefika asilimia 80 tu. Maandishi yote ya kwenye kioo cha mbele ya usukani yalikuwa ya Kichina. Mpwa wangu ameyakariri kwa mahali yalipo, kama mtoto asiyejua kusoma akaribiavyo kukariri ukurasa. Kitu nilichokifurahia mimi ni saa ya mkononi mwa mkewe. Waethiopia huhesabu saa kama sisi Waswahili: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja ya asubuhi ni saa moja kweli.

Saa hiyo ndiyo iliyokuwa na neno siku ile. Mke wa mpwa wangu ni muuguzi, na zamu yake ilikuwa ianze saa mbili usiku. Tulikwenda kumjulia hali mama yake mzazi huko Adama, umbali wa kama kilomita 100. Mwezi uliotangulia gari hili lilikuwa limeishiwa nguvu wakipanda kutoka huko huko, naye akachelewa kazini, akapewa barua ya onyo. Barua ya pili asingeivumilia, wala, kwa nilivyomwona, mumewe asingevumiliwa.

Kushuka kulikuwa raha tupu. Addis Ababa iko juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Adama ni kama mita 1,700. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2014 ni pana na laini, nayo hupita karibu na Bishoftu, mji wa maziwa ya volkano na wa kambi ya jeshi la anga. Kila mpwa wangu alipoondoa mguu kwenye kikanyagio, gari lilijizuia lenyewe, kama lori lililotiwa gea ndogo mteremkoni. Tofauti ni kwamba mota hugeuka kuwa dainamo na kuirudishia betri umeme. Katika mteremko mmoja mrefu niliona tarakimu zikipanda badala ya kushuka! Miaka yote ile mimi nilikuwa nikiichoma bure nguvu ya mteremko katika breki.

Karibu na Adama tuliona mitambo ya upepo imejipanga vilimani, mapanga yake yakizunguka polepole. Tulifika na asilimia 51. Tukala, tukaombewa dua na mama, kisha saa tisa tukaenda kituo cha kuchajia. Hakikuwa na umeme. Mlinzi alisema utarudi sasa hivi. Tulingoja hiyo sasa hivi hadi saa kumi na moja, huku mitambo ile ikizunguka mbele ya macho yetu.

Gari lilidai limebakiwa na kilomita 150. Mke wa mpwa wangu akasema, "Basi inatosha, twende." Mumewe akanyamaza, kwa kuwa mara ile ya kwanza pia lilidai hivyo. Hesabu ya gari ilitoka katika mwendo wa kushuka, na sasa tulikuwa tukipanda.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Nikamwambia aendeshe kama tulivyoendesha katika msafara: kilomita 70 kwa saa, asizidishe, asipunguze, akae upande wa kulia, ambao huko ndio wa waendao taratibu, na malori yampite yakitaka. Upepo hulizuia gari kadiri linavyokimbia, na betri ndiyo inayoulipia. Kisha nikamwomba azime kipasha joto. Usiku wa Desemba katika nyanda zile ni baridi kweli. Muuguzi wetu alijifunika gabi, lile shuka lao zito la pamba, akamfunika na mtoto. Hakuna aliyezungumza.

Bishoftu, asilimia 29. Nyuma yetu madereva walipiga honi kwa hasira, nami nikawaona ni vijana. Tulipoingia mjini tulikuta foleni ya magari, moyo wangu ukazama, kwani lori likisimama katika foleni huendelea kula mafuta. Mpwa wangu ndiye aliyecheka mara ya kwanza. "Hili likisimama halili kitu, Mjomba." Ni kweli, tulisimama robo saa na tarakimu haikubadilika.

Saa mbili kasorobo tulikuwa langoni pa hospitali, asilimia 9. Mkewe alishuka, akanirudishia gabi, akasema, "Asante, Mjomba," kwa Kiswahili.

Nyumbani umeme ulikuwa umerudi. Jirani aliyemwangalia mkwe wetu mdogo wa kike alikuwa ametuandalia kahawa. Huko hunywewa vikombe vitatu, na cha tatu huitwa baraka. Nilikuwa nimekishika hicho cha tatu nilipomwona mpwa wangu akipitisha waya dirishani mwa jiko, akiusukuma kidogo kidogo, asiangushe sufuria za mkewe.