Mdundiko Ulioniponza

Zamani, mtoto alipopotea katika mitaa ya Dar es Salaam, wazee hawakuuliza kwanza alivaa nguo gani. Waliuliza mdundiko umeelekea wapi. Mama aliyekuwa akilia kibarazani aliambiwa anyamaze, kwamba ngoma imeshukia Ilala, na ikinyamaza mtoto atarudi. Mara nyingi ilikuwa hivyo. Mimi ni mmoja wa watoto waliowahi kuulizwa kwa namna hiyo, na haya ninayoyaandika ni habari ya deni nililolipata kwa ajili ya ngoma, ambalo nilichukua miaka zaidi ya ishirini kulifahamu.

Kwa ajili ya wanafunzi wa mikoa ya mbali ambao hawajapata kuuona, yafaa niueleze mdundiko ni kitu gani. Ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Mzizima na vitongoji vyake tangu kabla Sultani Majid hajauanzisha mji huu katika miaka ya 1860. Aghalabu huchezwa siku ya kumtoa mwali, yaani msichana aliyevunja ungo, akawekwa ndani na kufundwa na kungwi. Walakini kinachoutofautisha na ngoma nyingine nyingi ni kwamba haukai mahali. Wapigaji huzitundika ngoma shingoni au begani, wakatembea. Kinamama huvaa sare za kanga, wakaitikia nyimbo huku wakijitikisa kwa mwendo wa pole. Na msafara huo huzunguka mtaa baada ya mtaa, mchana ukaingia jioni. Hapana jukwaa, hapana kiingilio, wala hapana mtazamaji. Anayesimama mlangoni kuutazama, baada ya kitambo hujikuta yu mtaa wa tatu, na kama alikuwa akimenya muhogo, kisu kingali mkononi.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Unyanyembe. Alikuja pwani kutafuta kazi, akaipata katika reli, nasi tukakaa Gerezani. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Habari hiyo ilizungumzwa sana kibarazani kwetu, kati ya vikombe vya kahawa na kashata, ila mimi nilikuwa na umri wa miaka saba tu, na utamaduni ulikuwa neno la wakubwa. Mwaka uliofuata, jioni moja, nilitumwa kununua mafuta ya taa. Nilipewa chupa na sumni. Nilipofika pembeni mwa mtaa nikausikia mdundiko unakuja.

Sikuamua kuufuata. Nataka wenzangu mlio walimu mlielewe jambo hili, kwa maana tunapomwadhibu mtoto husema "uliamua". Miguu ilikwenda. Tulipita Kariakoo, tukakata Msimbazi, tukaingia Ilala, na kila tulipopita watu walitoka milangoni: fundi cherehani na futi yake shingoni, muuza kahawa akiligonganisha vikombe kwa mahadhi ya ngoma, mzee wa Kihindi akicheka mlangoni mwa duka lake. Giza likaingia. Nyimbo sikuzielewa, kwa kuwa zilikuwa za Kizaramo, lakini nilikuwa nimekwisha kuzijua. Hatimaye msafara uliingia katika ua mmoja wa makuti huko Buguruni, ngoma zikatuliwa chini, watu wakatawanyika. Nikabaki mimi, chupa tupu, na sumni yangu.

Bibi mmoja aliniona, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimtajia jina la baba, na kama nilivyofundishwa, nikaongeza kuwa sisi ni Wanyamwezi. Yule bibi akapiga kigelegele. Aliwaita wenzake kwa sauti: "Njooni mwone! Mtumwa wangu amejileta mwenyewe!" Wote wakaja kunikagua, mmoja akanipima mkono akasema nitafaa kulima, mwingine akasema mimi ni mwembamba mno, heri niuzwe. Nililia hata nikapaliwa. Kisha nikaletewa wali wa nazi na samaki, sahani iliyojaa, nikatandikiwa mkeka.

Asubuhi alinichukua kwa miguu mpaka Gerezani. Nyumbani hakuna aliyelala. Hata hivyo bibi alikataa kuvuka kizingiti. Alisimama nje akaita: "Hodi wenye nyumba! Nimeokota mzigo. Mwenyewe akiutaka, na aje aukomboe." Baba alitoka, macho mekundu kwa kukesha. Nilidhani atampiga mtu. Badala yake alimtazama yule bibi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ninyi Wazaramo," alisema, "kazi hamna ila ngoma, na sasa mnaibia watu watoto kwa ngoma!" Wakatupiana maneno ambayo mahali pengine yangepelekwa barazani kwa hakimu. Mwishowe kikomboleo changu kikakatwa kuwa jogoo mmoja, naye bibi akaondoka na jogoo wake kwapani. Viboko nilivyovipata baada ya jogoo kuondoka ni habari nyingine.

Huo ndio utani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kuja pwani katika karne ya kumi na tisa walipita katika nchi ya Wazaramo kila msimu wa misafara. Watu wanaokutana kila mwaka njiani, wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, hawana budi wapigane au wataniane, nao walichagua kutaniana. Mtani hudai chochote, husema lolote, wala hakasirikiwi; na kwa upande mwingine, msiba ukikufika ugenini, mtani ndiye ndugu yako wa kwanza.

Nimeyapenda maisha ya mji huu kwa sababu hiyo hasa: kwamba mambo ya namna hii hayakuachwa shambani. Yaliingia mjini, yakavaa viatu. Tazama vilabu vyetu viwili vya mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoitwa Sunderland hadi 1971, ilianza mwaka mmoja baada ya Yanga. Wangeweza kuitana maadui au wapinzani. Mji uliwaita watani wa jadi. Siku ya mechi yao nimeona jeneza la maboksi likipitishwa mitaani limefunikwa jezi ya timu iliyofungwa, na nyuma yake wanaume wazima wakijiliza kama wajane. Na kesho yake nimewaona waliozikwa na waliozika wakinunua kahawa ya muuzaji mmoja, huku aliyefungwa akiambiwa alipe, kwani marehemu hana haja ya fedha. Mgeni akiona tukio hilo kwa mara ya kwanza hudhani kuna ghasia. Mimi hutafuta mahali pa kukaa.

Au tazama muziki wa dansi. Bendi ya NUTA, iliyoundwa 1964, iliuita mtindo wake Msondo, jina la ngoma ya unyago. DDC Mlimani Park ilipoanzishwa 1978 ikajichagulia Sikinde, nayo ni ngoma ya Kizaramo. Basi ukumbini walikuwapo makarani, madereva na wauguzi, magitaa ya umeme na tarumbeta, wakibishana usiku kucha juu ya nani zaidi kati ya Msondo na Sikinde, na huku wote wamesimama juu ya jina la ngoma ya bibi zao. Vijana wa siku hizi wana singeli, iliyokulia katika mitaa ya uswahilini. Kusema kweli inakwenda kasi mno kwa masikio yangu. Siku moja nilikuwa nikiilalamikia mbele ya mjukuu wangu, naye akanionyesha kwa kidole mguu wangu wa kulia. Ulikuwa ukigonga sakafu.

Lakini nimesema kuwa nina deni, na sharti nirudi huko.

Nilipohitimu ualimu nilipangiwa shule moja ya huko Temeke. Nilikuwa na suruali mbili za kupigiwa pasi na fikra nyingi kunihusu mimi mwenyewe. Mwaka 1978 mwanafunzi wangu mmoja, mtoto mwepesi wa hesabu, alikuja shuleni amechelewa, miguu imejaa vumbi, akasinzia darasani. Nilimwuliza alikokuwa. Akasema aliufuata mdundiko hadi Mbagala. Darasa lilicheka. Nilimchapa viboko vinne mbele ya wenzake, kisha nikatoa hotuba juu ya mambo ya kizamani yanayowarudisha watoto nyuma. Alasiri hiyohiyo niliwafundisha somo la siasa, na mada ya siku, nakumbuka vema kwa kuwa niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa, ilikuwa utamaduni wetu. Sikuona kasoro yoyote. Kwangu utamaduni ulikuwa ile ngoma inayochezwa uwanjani siku ya sherehe, wachezaji wamevaa sare, wageni wa heshima wamekaa kivulini, na inakwisha kwa wakati.

Baba alifariki mwaka 1984. Walimu wenzangu walikuja kunifariji, pamoja na mwalimu mkuu, wakaketi kwenye viti vilivyoazimwa. Wakati wa kumtoa maiti ulipowadia, mlango ulizibwa. Bibi kizee mmoja alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni kama mtu atakaye kazi. Sikumtambua mara moja.

"Huyu hatoki," alisema. "Ana deni langu. Jogoo aliyonipa mwaka ule alikuwa mzee. Yuko jikoni mpaka leo, haivi."

Wazee wakaanza kucheka, hata dada zangu waliokuwa wakilia. Mimi niliwatazama wale walimu juu ya viti, na aibu ikanipanda. Nilimwendea yule bibi nikamwambia, kwa Kiswahili changu cha chuoni, kwamba huu ni msiba wa watu wenye staha, na tafadhali atupishe. Nadhani nilimshika mkono.

Kicheko kilikatika. Bibi aliniangalia, wala hakuonyesha kukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Baba mdogo akanivuta pembeni. "Umefanya nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Huyo amekesha hapa siku mbili. Ndiye aliyeteka maji ya kumwosha baba yako. Unamfukuza mtani mlangoni?" Kisha alirudi, akapiga magoti mbele yake, akaweka noti juu ya kanga yake, akaomba radhi kwa niaba ya mtoto asiyejua. Bibi aliihesabu ile noti kwa kuigeuza mbele na nyuma, kama ada inavyotaka, akasema haitoshi, akaongezwa, akainuka. Na jeneza lilipompita, alilia. Alilia kwa sauti ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameitoa siku ile, akimtaja baba kwa jina lake la utoto, ambalo mimi mwanawe sikulijua.

Nililala vibaya siku nyingi. Nilimfikiria bibi, na ajabu ni kwamba nilimfikiria pia yule mtoto wa hesabu na vumbi la Mbagala miguuni mwake. Yeye alikwisha kuhama, sikumwona tena.

Arobaini ilipokwisha, nilikwenda sokoni Kariakoo nikachagua jogoo. Nilimwambia muuzaji nataka kijana, mwenye kucha laini, akashangaa kumwona mwalimu akichunguza kucha za kuku kwa bidii kiasi kile. Nilipanda basi hadi Buguruni na jogoo kikapuni, nikauliza njia. Ua ulikuwa umebadilika, makuti yameondolewa na mabati yamewekwa, ila mkeka ulikuwa kibarazani, na bibi juu yake akichambua mchele.

Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," nikaanza maneno niliyoyatayarisha. Aliniacha niseme kidogo, kisha akaunyoosha mkono kwenye kikapu. Alimtoa jogoo, akampapasa kifua, akamminya paja, akayatazama makucha yake mbele ya mwanga.

"Wanyamwezi kwa kuchelewesha," alisema. "Miaka ishirini na moja." Alimfunga jogoo miguu kwa ukindu na kumlaza ubavuni pake. "Huyu ataiva. Kaa basi, mtumwa wangu, umesimama kama mgeni."

Nilikaa. Tulichambua mchele mpaka alasiri, akinieleza mambo ya baba ambayo sikupata kuyasikia, na kila nilipookota chuya akanikagua kiganja, asije Mnyamwezi akamwibia mchele.