Sitangaza unga wa seli shina

Kila wiki kuna mtu ananiandikia: "Boss, tufanyie posti moja ya unga wa seli shina, tutakulipa poa." Wanataka wafuasi wangu wa Migori na Homa Bay kwa sababu wanajua soko liko. Huku karibu na ziwa, ni nani hajui boma lenye mtoto wa selimundu? Macho ya manjano, viungo vinauma usiku kucha, kila mara anaongezewa damu, shule inakatizwa. Na bado kuna mzee atakuambia ni chira. Mama wa mtoto kama huyo akiambiwa kuna dawa atauza hata mbuzi wa mwisho. Mimi hiyo pesa siitaki.

Seli shina zenyewe si uongo. Zinakaa kwenye uboho, ndani ya mifupa, na ndizo zinazalisha damu yote uliyo nayo. Ukizitoa nje ya mwili bila msaada, zinakufa au zinageuka seli zingine. Mwilini kuna protini zinazoziambia zibaki hai na zigawanyike. Moja inaitwa SCF, na jeni yake iligunduliwa karibu 1990. Wanasayansi wanachukua hiyo jeni ya binadamu, wanaiingiza kwa bakteria, bakteria wanageuka kiwanda cha protini. Inasafishwa na kuuzwa kwa mikrogramu. Gawa gramu moja mara milioni, ndiyo mikrogramu. Inatiwa kwa seli zilizo maabara, haikorogwi kwa uji. Ukiimeza, tumbo litaisaga vile linasaga omena.

Utafiti wa aina hiyo ndio umetufikisha kwa Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Seli shina za mgonjwa zinatolewa, jeni inahaririwa maabara, mgonjwa anapigwa kemo kali, kisha anarudishiwa seli zake. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 280, manze. Harambee gani itafika hapo?

Na kuna hii inaniuma zaidi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alichapisha utafiti wake juu ya Waluo 30 waliokubali kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na jeni ya selimundu, 14 walipata malaria. Kati ya 15 waliorithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, ni wawili. Hapo ndipo dunia ilielewa kwa nini jeni hii imejaa kandokando ya ziwa. Damu yetu ilisomesha watu, na leo kinachotufikia ni pakiti za unga kwa WhatsApp.

Kuna dawa ya kumeza inayofanya kazi, haidroksiurea. Watoto wa Kilifi walikuwa kwenye utafiti wake uliochapishwa 2019, pamoja na wa Uganda, Kongo na Angola. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo vikapungua. Haiponyi kabisa, na lazima daktari apime damu mara kwa mara. Lakini hiyo naitangaza bure. Zahanati ya kwenu iko nayo? Mtoto akizaliwa wanampima selimundu? Niandikie uko wapi na umeambiwa nini.