Mbweha, Kurunzi na Darubini ya Joto

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukutana na habari za ngeli, za methali na za mashairi. Leo nawaomba radhi, maana nitazungumza habari za mbuzi na za usiku, na za chombo kilichonifanya nitamke neno lisilo mahali pake, mimi ambaye kazi yangu ni maneno.

Naishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda. Makazi haya yana umri unaozidi miaka 60, na ndani yake wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Nyumba yangu iko pembeni, karibu na vichaka vinavyoteremka kuelekea ziwa Nakivale. Mbali upande wa kaskazini iko Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, na wanyama wa porini hawajui mipaka ya karatasi.

Mwezi wa Novemba 2023 nilipoteza vitoto vitatu vya mbuzi katika muda wa majuma mawili. Kila alfajiri tulikuta damu kidogo na alama za kuburura, basi. Jirani mmoja alisema ni mbweha, mwingine akasema ni fisi. Wa tatu alininong'oneza kwamba mbweha huyo ana miguu miwili, kisha akataja taifa la mtu. Neno la namna hiyo, mahali ambapo kila mmoja wetu amefika kwa kukimbia, si la kuachwa lilale mpaka kesho. Nikaona hapana budi nimwone mwizi kwa macho yangu.

Siku zile zile mwanafunzi wangu wa zamani, aliyehamishiwa Marekani na sasa anafanya kazi katika shamba la kondoo huko Texas, alikuwa amekuja kuwatazama ndugu zake mjini Mbarara. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akasema, "Mwalimu, hata sisi kule tuna mbweha wetu." Alikuwa na maana ya koyote, mnyama wa jamaa ya mbwa ambaye jina lake lilitoka katika lugha ya Kinahuatl ya Meksiko, likapitia Kihispania, likaingia Kiingereza. (Mwalimu wa lugha hawezi kuipita habari kama hiyo bila kusimama.) Katika majimbo mengi ya kule mfugaji huruhusiwa kumwinda karibu mwaka mzima, na wawindaji wengi hutumia vyombo vya kuonea gizani. Yeye alikuwa nacho kimoja mfukoni, kidogo mithili ya chupa ya maji, cha kutazamia tu, si cha kufungwa juu ya bunduki.

Tuliketi katika mkahawa karibu na Soko Kuu la Mbarara akanifundisha. Niliyoyashika ni haya. Vyombo hivyo ni vya namna mbili. Namna ya kwanza huukuza mwanga hafifu uliopo, wa nyota au wa mwezi. Zile za bei nafuu hutegemea taa yake yenyewe, itoayo mionzi iliyo chini ya wekundu ambayo jicho la mtu haliioni. Hizo huonyesha sura na hata madoa ya mnyama, lakini majani yakiwa karibu huurudisha mwanga machoni, usione kitu nyuma yake. Namna ya pili, ndiyo aliyokuwa nayo, haihitaji mwanga wowote. Hupokea joto litokalo katika kila kiumbe na kulichora. Lenzi yake si ya kioo cha kawaida bali ya germaniamu, kwa kuwa kioo cha dirisha huizuia mionzi ya joto; ukitazama kupitia dirishani hutaona mbuzi wala zizi.

Tofauti ya bei hutokana zaidi na wingi wa nukta zinazoichora picha. Chake kilikuwa na nukta 256 kwa 192, yaani zaidi kidogo ya 49,000. Vile vya 640 kwa 512 vina zaidi ya 327,000, lakini bei yake ni maelfu ya dola. Aliniambia pia jambo ambalo, kwa maoni yangu, wauzaji wangepaswa kuliandika kwa herufi kubwa: umbali unaotajwa sandukuni ni ule wa kugundua kwamba pana kitu, wala si wa kukitambua. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa.

Aliniazima chombo kwa siku tatu. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu kuwinda bila kibali, nami sikutaka kuwinda. Tena mkimbizi anayezunguka usiku na darubini huweza kudhaniwa vibaya. Kwa hiyo nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji nikamweleza. Alitazama ndani yake, akamwona kuku juu ya mti, akaniruhusu.

Usiku wa kwanza nilistaajabu. Mbuzi waling'aa kama mishumaa, na hata panya alionekana akivuka ua. Vichuguu navyo viling'aa saa za mwanzo, kwa kuwa vilikuwa bado na joto la jua. Usiku wa pili mvua ilinyesha na kila kitu kikawa kijivu.

Usiku wa tatu nilikesha pamoja na mzee jirani yangu, Mrundi, aliyekuja na mkuki wake. Yapata saa nane niliona kitu cheupe chini ya migomba, kifupi, kimejikunja, hatua themanini hivi kutoka zizini. Kikasogea kidogo, kikatulia. Moyo ulinidunda. Nikasema, "Mbweha." Sikusema "pana kitu," wala "nadhani." Mzee aliniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu. Akaenda kimya kimya, mkuki juu, nami nikimwongoza kwa mkono. Alipokaribia aliwasha kikurunzi chake cha betri hafifu, na tukasikia sauti ndogo ikisema, "Babu, ni mimi."

Alikuwa mtoto wa miaka tisa wa nyumba ya tatu. Tumbo lilimsumbua, naye aliogopa kwenda mpaka chooni gizani.

Mzee aliketi chini palepale. Baada ya muda mrefu aliniambia tu, "Mwalimu, ulisema mbweha." Sikuwa na jibu. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kwamba kuona si kutambua, na kutambua si kubaini. Nimewapa sentensi za mfano na kuwasahihisha kwa wino mwekundu.

Asubuhi nilimwendea mama wa mtoto nikamweleza yote, kisha nikapanda gari hadi Mbarara kurudisha chombo. Mwanafunzi wangu alikuwa tayari kuniachia kwa dola mia mbili, bei ya udugu. Nilimshukuru nikakataa. Katika duka la vifaa vya umeme nilinunua kurunzi ya kuvaa kichwani kwa shilingi 45,000. Sikuijali hesabu ya mwanga iliyoandikwa sandukuni. Nilimwomba muuzaji tuijaribu katika stoo yake yenye giza. Nilichagua yenye mwale mwembamba uendao mbali, betri inayotolewa na kuchajiwa kwa jua, na taa ya pili nyekundu ya kutembelea. Mbwa, mbweha, fisi na mbuzi wote wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, mtu hana. Macho yasipong'aa, shusha mkono.

Siku nne baadaye nilipowasha niliona macho manne. Walikuwa mbwa wawili wasio na mwenyewe, wanaoshinda penye machinjio ya sokoni. Nilimwita jirani yule wa mnong'ono aje atazame naye. Alitazama sana, akaniuliza kurunzi niliinunua wapi. Zizi tumeliziba kwa miiba na mabati ya zamani.

Betri haikai na chaji siku hizi. Yule mtoto huja kuiazima kila jioni, na huirudisha asubuhi ikiwa imekwisha kabisa, kwa sababu huwasindikiza chooni wadogo zake wote watatu.