Kunduchi: Ukuta wa Msikiti na Njia ya Pwani

Kunduchi ina milango miwili. Mlango wa siku hizi ni Mtongani, pale abiria atokaye mjini kwa Barabara ya Bagamoyo anaposhuka kwenye daladala na kukata kulia kuelekea baharini, akipita maduka ya vifaa vya ujenzi, vijiwe vya bodaboda na kuta ndefu za nyumba mpya. Mlango wa zamani ni bahari yenyewe, ambako wenyeji wa kale waliingia na kutoka kwa vyombo vyao karne nyingi kabla ya lami. Anayetaka kuielewa Kunduchi inampasa aitembee kwa miguu hadi aufikie mlango huo wa pili. Sisi wakazi wa upande wa pwani tulifanya hivyo asubuhi ya Jumamosi moja, na makala haya ni habari ya matembezi hayo, pamoja na jambo lililotukuta njiani ambalo sisi wa kamati ya msikiti hatukulitazamia.

Hatukutoka kwa starehe. Mkutano wa wakazi wa mtaa ulikuwa umekubaliana kwamba, kabla ya kuorodhesha mahitaji yetu ya miaka ijayo na kabla ya wapima ardhi kuja kuweka alama za mipaka, tuutembee mtaa wetu wenyewe, tuone kilichopo na kilichopungua. Utaratibu huo si mgeni nchini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali za mitaa Tanzania Bara zimekuwa zikitumia njia iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo huwataka wananchi waanze na walichonacho, wachore ramani ya mahali pao, wapange vipaumbele, kisha mpango upande hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye halmashauri. Msingi wake umo katika Ibara za 145 na 146 za Katiba, zinazohusu kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee wetu wanajua kuwa jambo hilo si la kuchukuliwa kwa wepesi, kwani mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na ilibidi kusubiri sheria za mwaka 1982 ili zirudi katika sura tunayoijua.

Kwa Muislamu jambo hili lina mzizi wa kale zaidi. Qur'ani Tukufu ina sura nzima iitwayo Ash-Shura. Na kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) alikuwa na rai ya kubaki ndani ya Madina, lakini waliotaka kutoka walipokuwa wengi, wakiwemo vijana, alitoka nao. Kama yeye aliyekuwa akishushiwa wahyi alikaa na watu akawasikiliza, sisi wa kamati na wa serikali ya mtaa tuna udhuru gani?

Tulianzia kwenye magofu. Ndugu msomaji ambaye hajafika Kunduchi ajue kuwa chini ya mibuyu, karibu na bahari, yamebaki mabaki ya msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale wanaukadiria kuwa wa karne ya 15 au ya 16. Kando yake yapo makaburi ya baadaye, mengi ya karne ya 18 na ya 19, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa. Katika nguzo hizo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Nyingi zimeng'olewa, na mahali pake yamebaki mashimo ya mviringo. Magofu haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini sheria peke yake haifukuzi mbuzi wala haizuii mtu kutupa takataka.

Kijana mmoja aliuliza magofu yanahusiana nini na mipango ya mbele. Mzee mmoja mvuvi alimjibu kwamba waliojenga pale walichagua mahali pa kusali, pa kuzika na pa kuegesha vyombo, na wakaviweka pasipo kimoja kukiziba kingine. Tukaandika katika daftari: mipaka ya magofu ionekane wazi katika ramani ya mtaa, na njia ya kuyafikia isifungwe.

Kutoka hapo tuliteremka ufukweni hadi diko la samaki. Asubuhi diko lina shughuli nyingi. Ngalawa na mashua zimekwisha kurudi, mnada unaendelea, wanawake wanajaza ndoo na mabeseni ya samaki wa kwenda kukaanga, na watoto wanazengea dagaa walioanguka. Ng'ambo inaonekana Mbudya, mojawapo ya visiwa vya hifadhi ya bahari vilivyo mbele ya pwani yetu. Lakini wazee hawakututaka tutazame kisiwa. Walitutaka tutazame mchanga chini ya miguu yetu. Walituonyesha sehemu za majini ambako, wakati wa ujana wao, watu walikuwa wakitembea juu ya nchi kavu.

Kuliwa kwa fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam kumechunguzwa na wataalamu kwa miongo kadhaa, na sababu zilizotajwa ni nyingi. Mchanga ambao mito kama Tegeta na Mbezi ingeuleta baharini umekuwa ukichimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi. Mikoko imekatwa. Baruti za wavuvi haramu zimevunja miamba ya matumbawe iliyokuwa ikipunguza nguvu ya mawimbi. Na wenye majengo ya ufukweni, walipoona bahari inakuja, wengine walijenga kuta na matuta ya mawe. Tuta la mawe hunasa mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, hivyo anayejikinga peke yake humsukumia jirani yake bahari. Sote tulitikisa vichwa kwa masikitiko, tukiwalaumu wenye kuta. Hatukujua kuwa baada ya nusu saa tungesimama mbele ya ukuta wetu.

Njia kuu ya kutoka diko kupanda mtaani hupita ubavuni mwa msikiti wetu. Sehemu nyingi njia hiyo ina upana wa futi 12 au zaidi kidogo. Kijana aliyeshika futi kamba alipofika kwenye ukuta wa msikiti alipima, akarudia, kisha akasoma kwa sauti ya chini: futi 5. Mvua zikinyesha, maji ya upande wa juu hukusanyika hapo yakakosa pa kwenda. Bajaji haipiti. Gari la wagonjwa halipiti.

Nilikuwa nikijiandaa kueleza kuwa njia iliyobaki inatosha waenda kwa miguu, ndipo mama mmoja mchuuzi wa samaki, mtu mzima mwenye heshima zake, alipotua ndoo yake chini akaniambia: "Ustadhi mwanangu, marehemu mume wangu alipopitishwa hapa, jeneza liliinamishwa ubavu. Mkitaka kujua mtaa huu unahitaji nini, anzeni na hapo."

Hakuna aliyesema neno. Jeneza linalotumiwa na mtaa mzima linahifadhiwa msikitini kwetu. Sisi ndio tunaolitoa, na ukuta wetu ndio uliolibana.

Usiku ule nilifungua madaftari ya mihutasari ya kamati. Ukuta ulijengwa kabla sijawa katibu, na sababu yake ilikuwa njema, kwani wezi walikuwa wakiiba viatu na mabomba ya maji. Katika mhutasari mmoja nilikuta sentensi fupi: ukuta usogezwe mbele kidogo ili ipatikane nafasi ya kutawadhia. Hapakuandikwa nafasi hiyo ni ya nani, wala kwamba yupo aliyeulizwa.

Kamati ilikutana baada ya sala ya Ishaa, na kikao kilikuwa kigumu. Mjumbe mmoja, mtu aliyetoa mifuko mingi ya saruji katika ujenzi ule, alisema kuwa mali ya waqfu haiuzwi, hairithiwi wala haipunguzwi, na kwamba leo tukitoa futi 7 kesho tutaombwa mihrabu. Hoja yake si ya kudharauliwa. Ardhi za misikiti na makaburi zimepotea sehemu nyingi kwa sababu waliokabidhiwa amana walilegea.

Imamu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: waqfu huwekwa na nani? Tukajibu kuwa huwekwa na mwenye mali. Akasema, basi tutafute kwanza mwenye mali. Wakaitwa wazee wawili. Walieleza kuwa walipokuwa vijana walibeba ngalawa mpya kutoka kwa fundi hadi majini kwa njia ileile, watu wanne kila upande, na hawakugusa ukuta wala ua wa mtu. Njia ilikuwa ya watu wote. Imamu akatukumbusha onyo kali la Mtume (s.a.w.) kwa mwenye kupora hata shubiri moja ya ardhi, na mafundisho yake kwamba kuondoa kero njiani ni sehemu ya imani. Akaongeza kuwa wanazuoni wamehitilafiana kuhusu sala inayosaliwa katika ardhi iliyoporwa, ila hakuna hata mmoja wao aliyehalalisha uporaji.

Kisha alisimulia kisa kilichopokewa na wanahistoria. Sayyidna Umar (r.a.) alitaka kuupanua Msikiti wa Mtume Madina, na nyumba ya Abbas (r.a.), ammi yake Mtume, ikawa katika eneo hilo. Abbas alikataa kuitoa. Hawakusukumana, bali walikwenda kwa Ubayy bin Ka'b (r.a.) awaamue, naye akaamua kwamba hata Khalifa hana haki ya kuichukua nyumba ya mtu pasipo ridhaa yake. Haki yake ilipothibiti, Abbas akaitoa nyumba bure kwa ajili ya Waislamu. "Ikiwa msikiti wa Mtume haukupanuliwa kwa nguvu," akasema Imamu, "wetu ulipanuliwa kwa idhini ya nani?"

Tuliamua ukuta urudi nyuma hadi mstari wa zamani, na nikauandika uamuzi huo kwa mkono wangu. Ilitubidi kuhamisha matangi na mabomba ya kutawadhia, na fedha tulizokuwa tumekusanya kwa ajili ya mazulia zikaishia hapo. Mjumbe aliyetoa saruji hajarudi katika vikao mpaka leo. Nimemwendea nyumbani mara mbili, akanipokea kwa wema, tukanywa kahawa, lakini moyo wake haujatulia. Namwombea, na sioni haya kukiri kuwa uamuzi wa haki nao huwa na gharama zake.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Katika mkutano uliofuata wa mtaa, wenye nyumba waliokuwa wakisita kutoa futi mbili tatu za njia walianza kusimama mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa na kibaraza akakubali kukivunja. Aliyepanda uzio juu ya mkondo wa maji akaahidi kuung'oa. Hatukuwahubiria. Walikuwa wameona matofali ya msikiti yakibomolewa.

Vipaumbele vyetu sasa vimeandikwa kwa mpangilio: njia ya diko, mfereji wa maji ya mvua, vyoo vya diko, mipaka ya magofu, na eneo la kuzikia. La mwisho haliwezi kusubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi, na kila mmoja wetu atahitaji siku moja nafasi ya kulazwa kuelekea Qibla. Mtaa usiotenga makaburi leo utazika wapi?

Halmashauri haitaweza kutufanyia yote. Wilaya yetu ya Kinondoni ina mfano wake: katikati ya miaka ya 1990 wakazi wa Hananasifu, waliokuwa wakisumbuliwa na mafuriko, walishiriki kupanga na kujenga mifereji na njia za mtaa wao kwa mikono yao, wakisaidiwa na serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Nasi tumekubaliana kuwa kila nyumba itatoa nguvukazi katika kuchimba mfereji.

Kwa ndugu zangu makatibu wa misikiti, nina nasaha chache. Hudhurieni mikutano ya mtaa, maana uamuzi wa mipaka hufanywa huko na si katika vikao vyetu. Ipimeni ardhi ya msikiti na muitunze hati yake, ili msipokwe. Lakini kabla ya kupima, waulizeni wazee na akina mama mipaka ya asili ilikuwa wapi, ili nanyi msiwe waporaji. Na andikeni mihutasari iliyo wazi, kwa kuwa atakuja katibu mwingine kuisoma.

Mfereji bado haujachimbwa, na mvua za masika zitatupima. Wiki iliyopita tulimsindikiza marehemu mmoja kwa njia ile. Jeneza lilipita likiwa limenyooka, wabebaji wakiwa bega kwa bega pande zote mbili. Yule mama mchuuzi alikuwa amesimama kando na ndoo yake, akimwombea maiti. Allah atujaalie tuwe wenye kutengeneza ardhi Yake na si wenye kuiharibu. Amin.